Pati tatu kwenye grini moja: nibadilishe fimbo, mshiko, au kitu kingine?

*"Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa miaka 54, naishi Mjini Unguja na huu ni mwaka wangu wa nne katika gofu. Nacheza zaidi kwenye uwanja wa mashimo 9 wa Sea Cliff, upande wa Mangapwani, ambao tunauzunguka mara mbili ili kutimiza 18. Raundi zangu tatu za karibuni nimemaliza kwa mikwaju 97, 94 na 101, na pati, yaani mikwaju ya kuuviringisha mpira kwenye grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo), zilikuwa 38, 36 na 41. Katika ile ya mwisho, tuliyoianza baada ya alasiri, nilipiga pati tatu kwenye mashimo saba. Katika matano kati ya hayo pati ya kwanza iliuacha mpira zaidi ya mita moja na nusu kutoka shimoni, mara nyingi ukiwa haujafika. Aidha, nilikosa pati nne za chini ya mita moja. Mkono wa kulia huruka kidogo pale fimbo inapogusa mpira. Rafiki mmoja ananishauri nishike kwa mtindo wa makucha, mwengine anasema nitazame shimo badala ya mpira, na mzee wetu klabuni husema kila siku kuwa mpira usiofika hauingii, kwa hiyo nipige kwa nguvu. Nimeshaona fimbo mpya ya kichwa kikubwa ambayo bei yake si ndogo. Je, niinunue? Na katika mitindo hii nishike upi?"*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umefanya jambo ambalo wachezaji wengi wa ridhaa hawalifanyi: hukuishia kusema kwamba pati zako ni mbaya, bali umehesabu na ukakumbuka mpira ulisimama wapi. Kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa uhakika zaidi kuliko kama ungeniuliza tu fimbo ipi ni nzuri. Pesa yako iache mfukoni kwa sasa, na hapa chini nitaeleza kwa nini.

Unachouliza kinaonekana kuwa suala moja, yaani mtindo wa kupiga pati, lakini hesabu zako zinaonesha maradhi mawili yasiyofanana. Yale mashimo matano ambayo pati ya kwanza ilikuacha mbali ni tatizo la kasi, yaani kukadiria nguvu inayohitajika ili mpira usimame karibu na shimo. Zile pati nne fupi ni tatizo la uso wa fimbo kutazama pembeni wakati wa kugusa mpira, na huenda pia ni tatizo la mkono wenyewe. Mshiko wa makucha unaweza kusaidia hili la pili, lakini kwa lile la kwanza hauna dawa kubwa. Ushauri wa mzee wenu unagusa la kwanza, na ukiupeleka kwenye la pili utakuharibia. Marafiki zako wote wanakutakia heri, ila kila mmoja anatibu ugonjwa alioupata yeye.

Kabla sijaingia kwenye kasi, niondoe dhana moja inayowasumbua wengi. Idadi ya pati katika raundi peke yake haielezi kama mtu anapiga pati vizuri au vibaya, kwa kuwa inategemea mpira ulitua wapi kwenye grini kabla hujaishika fimbo ya pati. Mtu aliyekosa grini, akausogeza mpira kwa mkwaju mfupi hadi hatua mbili kutoka shimoni, atamaliza na pati 32 na kujiona bingwa. Mwenzake anayefika grini kwa mikwaju miwili lakini kila mara akiwa mita 10 kutoka shimoni atamaliza na pati 36 hali ya kuwa amepiga vizuri zaidi. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ndiye aliyejenga njia ya kupima kila pati kwa umbali wake, na tangu mwaka 2011 mashindano ya kulipwa ya PGA Tour hutumia kipimo hicho. Kwa mujibu wa hesabu za aina hiyo, wachezaji bora duniani huingiza takriban nusu tu ya pati za mita 2.4, na kutoka mita 10 wastani wao ni pati mbili. Mchezaji wa ridhaa anayemaliza kwa mikwaju 90 hivi hufikia nusu kwa nusu kwenye mita 1.5. Kwa hiyo mpira unapobaki mita moja na nusu na ukaukosa, hujafanya kosa la aibu. Kosa lilikwishafanyika kwenye pati iliyotangulia. Hapo ndipo mikwaju yako mingi inapopotea, na ndipo pa kuanzia.

Kasi hubadilika kwa mambo ambayo mchezaji huyaona kila siku bila kuyatilia maanani. Grini hupimwa kwa kifaa kiitwacho Stimpmeter, ambacho ni mfereji wa alumini wa sentimita 91 unaoinuliwa hadi mpira uanze kushuka wenyewe, kisha unapimwa umbali uliokwenda kwenye sehemu tambarare. Katika mashindano makubwa unayoyatazama kwenye televisheni, mpira huenda futi 12 au zaidi. Kwenye viwanja vingi vya kawaida ni kati ya futi 7 na 9. Maana yake ni kwamba mkwaju unaoufikisha mpira mita 4 kwenye grini ya futi 8 ungeufikisha mita 6 kwenye grini ya futi 12. Mchezaji wa Unguja anayeiga mwendo mfupi na wa taratibu alioutazama usiku kwenye mashindano ya Marekani atajikuta kila mara mpira haujafika, na hilo halitokani na woga hata kidogo: ameazima mwendo wa grini isiyokuwa yake.

Juu ya hayo kuna nyasi zenyewe. Grini za nchi za joto mara nyingi ni za bermuda au paspalam, nyasi ambazo majani yake hayasimami wima bali hulala upande mmoja. Mpira unaokwenda kule majani yanakolalia huenda mbali zaidi, na unaokwenda kinyume hukwama mapema. Simama nyuma ya mpira utazame kuelekea shimoni: grini ikikung'aria kama iliyofutwa mafuta, majani yamekupa mgongo na pati itakuwa ya kasi, ikiwa na rangi nzito isiyong'aa, majani yanakukabili na pati itakuwa nzito. Kisha liendee shimo ulitazame mdomo wake kwa karibu. Upande mmoja utaukuta umekatika safi na upande wa pili una majani yaliyochakaa na kuchanika. Huko kwenye uchakavu ndiko majani yanakolalia. Raundi yako ya pati 41 uliianza baada ya alasiri, wakati ambapo nyasi zimekua tangu zilipokatwa asubuhi, na jua la pembeni linautia mng'ao huo nguvu kwa anayejua kuutafuta. Wakati wa asubuhi umande ndio unaouzuia mpira, na ukishakauka grini inabadilika katikati ya raundi hiyohiyo. Baada ya mvua za masika nyasi huwa nene na laini. Upepo wa kusi ukivuma, mpira hausukumwi sana kwenye pati ya kawaida, lakini wewe mwenyewe unayumba, kwa hiyo tanua miguu kidogo ili usimame imara.

Kwa sababu hiyo, dakika kumi kabla ya raundi zina thamani kuliko fimbo yoyote. Chukua mipira mitatu, nenda kwenye sehemu iliyo tambarare, na usilenge shimo lolote. Piga kwa mwendo unaokujia bila kufikiri, mara tatu kwa mwendo uleule, kisha hesabu hatua hadi pale mipira ilipokusanyika. Huo ndio mwendo wako wa siku hiyo. Ikiwa jana ulikupa hatua saba na leo umekupa tano na nusu, umeshajua grini ni nzito kabla hujapoteza mkwaju hata mmoja. Baada ya hapo piga pati za hatua nane, kumi na kumi na mbili, ukijiwekea sharti moja tu: mpira usimame ndani ya urefu wa fimbo yako kutoka shimoni, mbele au nyuma. Wengi hutumia muda huo kupiga pati za mita moja kumi mfululizo, wakaingia uwanjani bila kujua grini ya leo ina kasi gani.

Kasi ndiyo inayoamua pia mpira utapinda kiasi gani. Kwenye mteremko mpira hufanana na ngalawa inayokaribia ufukweni upepo ukiwa umekata: maadamu ina mwendo mkondo hauiwezi sana, lakini mwendo ukipungua mkondo huichukua. Ndiyo maana mpira hupinda zaidi katika mita ya mwisho, na ndiyo maana wachezaji wa ridhaa hukosea zaidi upande wa chini wa shimo, kwani huusoma mteremko ulio mbele ya miguu yao na kuusahau ule ulio karibu na shimo. Ukiwa na muda wa kuchunguza sehemu moja tu ya grini, chunguza mita hiyo ya mwisho.

Sasa tuje kwenye neno la mzee wenu. Ni kweli kwamba mpira usiofika hauingii, na kwa kuwa wewe huacha mpira nyuma mara nyingi, kwenye pati ndefu neno hilo linakufaa. Lakini ni nusu ya ukweli. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 na mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Ili mpira unaswe, lazima ushuke angalau nusu ya kipenyo chake kabla haujagonga ukingo wa ng'ambo, na kushuka huko kunachukua muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Mpira unaokwenda taratibu unapata muda huo hata ukipita pembeni mwa shimo. Unaokwenda kwa kasi hauupati isipokuwa ukipita katikati kabisa. Kwa maneno mengine, kila unapoongeza nguvu unalifanya shimo kuwa dogo. Kipimo ninachokipendelea ni mpira ambao, kama shimo lingezibwa, ungesimama sentimita 30 hadi 40 kupita hapo. Wazee wengi wa mchezo huu Afrika Mashariki walijifunza kwenye viwanja vilivyokuwa na grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, zilizosawazishwa kabla ya kupiga, ambapo nyasi za kulala hazikuwepo na pati ya kugonga kwa nguvu ilikuwa na mantiki yake. Nawaheshimu sana kwa hilo, na ushauri wao ulikuwa sahihi kwa uwanja waliokuwa wakiuchezea.

Kwenye pati fupi mambo ni tofauti, kwa sababu kasi haina kazi kubwa na kila kitu kinategemea uso wa fimbo. Wengi hudhani kwamba mpira huelekea kule fimbo inakopita, kwa hiyo hujitahidi kuivuta na kuirudisha kwenye mstari ulionyooka. Hakika ni kwamba mwelekeo wa mwanzo wa mpira hutokana kwa sehemu kubwa sana na kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugusa, na njia ya fimbo huchangia kidogo tu. Uso ukikosea kwa nyuzi 1, mpira utakuwa umetoka nje ya mstari kwa sentimita 2.6 baada ya mita 1.5, na kwa sentimita 5.2 baada ya mita 3. Nusu ya upana wa shimo ni sentimita 5.4. Kwa hiyo kwenye mita moja una nafasi ya kukosea hadi nyuzi 3 kama grini ni tambarare na mpira unakwenda taratibu. Kukosa nne za umbali huo kunaniambia kwamba mkono unaoruka unaugeuza uso kwa kiasi kikubwa, si kidogo.

Jipime hivi. Tafuta sehemu tambarare, weka mpira mita moja na nusu kutoka shimoni, kisha sentimita 30 mbele ya mpira chomeka vijiti viwili vya kuwekea mpira vilivyoachana kwa sentimita 5. Mlango huo ni mwembamba, umezidi mpira kwa milimita saba hivi, na mpira unaopita bila kugusa kijiti umenyooka kiasi cha kutosha kuingia hata kutoka mita 3. Piga ishirini. Usitazame kama umeingia au haukuingia, bali tazama ni kijiti kipi kinachoguswa. Ukigusa cha kushoto mara nyingi, mkono wako wa kulia unaufunga uso. Ukigusa vyote kwa zamu, uso unayumba na bado hauna tabia moja. Zoezi hili linafanyika hata kwenye zulia la sebuleni kwa kutumia vikopo viwili badala ya vijiti, na ndilo litakalokujibu kuhusu mitindo kwa uaminifu kuliko mimi au marafiki zako.

Maana jibu langu kuhusu mtindo ni kwamba uchaguliwe na mlango huo. Piga ishirini kwa mshiko wako wa sasa, ishirini kwa mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, na ishirini kwa makucha, ambapo kiganja cha kulia hakiikumbatii fimbo bali vidole huilalia kwa pembeni. Mitindo yote miwili ya mwisho imebuniwa kwa shabaha moja, nayo ni kuupunguzia mkono wa kulia uwezo wa kuingilia kati. Kwa mtu mwenye dalili zako ningeanza na mkono wa kushoto chini, kwa kuwa haubadilishi sana hisia za umbali, na umbali ndio ugonjwa wako mkubwa. Makucha hutuliza zaidi mkono unaoruka, lakini wengi hupoteza kipimo cha pati ndefu kwa muda. Wapo wanaotumia makucha kwenye pati fupi tu na mshiko wa kawaida kwenye ndefu, na kanuni haziwakatazi. Rudia jaribio hilo siku tofauti kabla hujaamua, kwa sababu mtindo wowote mpya hufanya vizuri siku ya kwanza, akili ikiwa bado imeshughulika na mkono badala ya kuogopa shimo. Ukishachagua, kaa nao angalau kutoka kusi hadi kaskazi.

Kutazama shimo badala ya mpira si upuuzi kama wengine wanavyodai. Jordan Spieth, mchezaji wa Marekani aliyeshinda Masters na U.S. Open, mashindano mawili makubwa ya gofu, mwaka 2015, alijulikana kwa kufanya hivyo kwenye baadhi ya pati fupi. Faida yake ni kwamba jicho halisubiri tena ile nukta ya kugusa mpira, na kwa baadhi ya watu mruko wa mkono hupungua. Ninachokushauri ni kuutumia kama zoezi la pati ndefu kwenye grini ya mazoezi: tazama shimo, piga, na uache mkono ukadirie kama unavyokadiria unapomrushia mtu kitu. Kwa tatizo lako la kasi unaweza kukusaidia kuliko ulivyotarajia.

Kuhusu fimbo ya kichwa kikubwa, faida yake ni ya kweli. Uzito wake umetawanywa pembeni, kwa hiyo mpira ukigongwa nje ya katikati ya uso haupotezi nguvu nyingi wala fimbo haizunguki sana. Lakini haiwezi kuzuia mkono unaougeuza uso, wala haiijui grini ya leo. Azima ya mtu uipitishe kwenye mlango. Ikikupa matokeo bora mara kwa mara, ndipo uinunue. Ukivutiwa na fimbo ndefu, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Januari 2016 kanuni haziruhusu kuiegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Lazima mkono uwe huru na kifua. Na kwa kuwa tangu 2019 inaruhusiwa kuiacha bendera shimoni unapopiga pati ukiwa kwenye grini, iache kwenye pati ndefu, itakusaidia kuona umbali.

Limebaki suala la mkono wenyewe, na hapa naomba uwe makini. Mruko wa ghafla wakati wa kugusa mpira unajulikana sana katika mchezo huu, na umewapata hata mabingwa. Bernhard Langer wa Ujerumani ulimrudia zaidi ya mara moja, akabadilisha mishiko, na bado akashinda Masters mwaka 1985 na 1993. Watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani wameeleza kwamba hali hii ina ncha mbili: kwa baadhi ya watu ni hofu ya kukosa, inayozidi kila wanapotazamwa, kwa wengine ni hitilafu ya misuli na neva inayotokea kwenye kitendo kimoja kilichorudiwa kwa miaka mingi, na wengi wako mahali fulani kati ya hizo mbili. Jaribu kupiga bila mpira, halafu na mpira lakini bila shimo, halafu na shimo ukiwa peke yako. Ukiona mkono unatulia hadi pale watu wanapokuwepo, mazoezi na mshiko mpya vina nafasi nzuri ya kukutosha. Ukiruka hata bila mpira, usijilazimishe kwa kurudia mamia ya pati, kwani hiyo huenda ikaukomaza zaidi.

Na ikiwa mkono huo huo unatetemeka unapoandika, unapomimina chai au ukiwa umetulia tu mapajani, au vidole vinakufa ganzi, basi hilo si suala la gofu tena. Nenda hospitali ukaonane na daktari, na umweleze pia dawa unazotumia. Vilevile, kwa umri wako, jiulize kuhusu miwani. Miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini huufanya mpira na mstari uonekane mahali pasipo sahihi unapoinamisha macho. Mtaalamu wa macho anaweza kukutengenezea miwani ya umbali mmoja kwa ajili ya uwanjani.

Kama baada ya wiki sita hivi za mlango na hatua bado pati ya kwanza inakuacha mbali, mtafute mwalimu akuone ana kwa ana, kwa sababu kuna mambo kama macho kutokuwa juu ya mpira au mabega kuelekea kushoto ambayo mtu hawezi kujiona mwenyewe. Ukiwa huna mwalimu karibu, mwombe kedi wako, yaani anayekubebea fimbo, akurekodi kwa simu kutoka nyuma ya mstari, simu ikiwa chini usawa wa magoti, pati tano ndefu na tano fupi. Mpelekee mwalimu video hiyo pamoja na daftari lenye umbali wa kila pati ya kwanza na pale mpira uliposimama, na uende na fimbo yako ya zamani.